Ukuta Unaochanua

Mwaka 1662 mwanasayansi mmoja wa Uholanzi alimwandikia mdogo wake barua ya kumwomba amsaidie kumhujumu baba yao.

Mwanasayansi huyo ni Christiaan Huygens, yule aliyegundua Titan, mwezi mkubwa wa Zohali, na aliyebuni saa ya timazi. Baba yake, Mzee Constantijn, alikuwa Paris kikazi, akataka atumiwe taa moja iliyotengenezwa na mwanawe ili aionyeshe kwenye jumba la mfalme wa Ufaransa. Taa hiyo ilikuwa sanduku lenye moto ndani, kipande cha kioo kilichochorwa picha, na lenzi za kuikuza picha hiyo hadi ienee ukutani. Christiaan aliona haya. Mtu aliyechungulia pete za Zohali atajulikanaje kwa mfalme kwa kitu cha kuchekeshea watoto? Kumkatalia baba hakuthubutu. Basi akamwomba mdogo wake Lodewijk, aliyekuwa huko Paris, achomoe lenzi moja kwa siri, taa ifike lakini igome kufanya kazi.

Kilichomtia haya ndicho leo kinawapanga watu foleni Tokyo, Paris na Jeddah. Chumba kizima kinageuka bustani, vipepeo wanapita ukutani, maua yanaota miguuni pa mtu na kunyauka akiondoka, na hakuna udongo wala tone la maji. Walioandika habari za vyumba hivi wengi wanavieleza kama muujiza wa kompyuta ulioshuka juzi. Haukushuka juzi. Ukifuata nyayo zake utarudi nyuma zaidi ya miaka 350, hadi kwenye sanduku la Huygens, na njiani utakutana na mizuka ya bandia, mbuzi wa kweli, mtu aliyetupa kazi ya maisha yake mtoni, na mtaalamu wa mimea aliyetumia herufi mbili tu kuotesha mwani.

Tuanze na daftari la Huygens la mwaka 1659. Humo kuna vijipicha kumi vya mifupa ya binadamu. Katika kimoja mifupa inasimama, katika kingine inanyoosha mkono, katika kingine imelivua fuvu lake kama mtu anavyovua kofia. Ni picha za kuwekwa kwenye taa, na zilichorwa hivyo ili zichezeshwe. Maana yake ni kwamba tangu siku ya kwanza ya taa hii, aliyeibuni alitaka picha iende. Kiswahili kina neno zuri kwa kazi hiyo: uhuishaji. Kuhuisha ni kutia uhai. Huygens alianza kwa kutia uhai kwenye maiti.

Taa ilimponyoka. Wafanyabiashara na mafundi wa kuzungukazunguka waliibeba mgongoni katika vijiji vya Ulaya, na wamisionari wakaipandisha meli. Mnamo Januari 1854 David Livingstone alikuwa katika nchi ya Walunda, karibu na mpaka wa leo wa Zambia na Angola, kwa chifu aliyeitwa Shinte. Alikuwa na taa ya namna hiyo pamoja na vioo vya hadithi za Biblia. Picha ya kwanza ilikuwa Ibrahimu amemwinulia kisu mwanawe Isaka. Wakati Livingstone alipokiondoa kioo, picha ilisogea, na wanawake waliokaa mbele wakaona kisu kinawajia wao. Wakapiga kelele za kumwita mama, wakatimua mbio, wakiangukiana na kuvivamia hata vibanda vidogo vya matambiko. Shinte hakutikisika. Alikaa hadi mwisho, kisha akaomba aikague taa yenyewe.

Kisa hiki wasomaji wa Ulaya walikisoma wakicheka. Lakini miaka zaidi ya hamsini kabla ya hapo, Wafaransa wenyewe walikuwa wamekwishapigishwa mayowe kwa taa hiyo hiyo, nao walikuwa wamelipa kiingilio.

Aliyewapigisha mayowe ni Étienne-Gaspard Robert, mzaliwa wa Liège aliyejiita Robertson. Alianza maonyesho yake Paris mwaka 1798, na mwaka uliofuata akahamia kwenye jengo lililokuwa utawa wa Wakapuchini. Watu walipitishwa kwenye korido zenye giza, wakaketishwa kwenye ukumbi wenye giza zaidi, mlango ukafungwa, taa ya mwisho ikazimwa. Ngurumo na mvua ya kuigiza ikasikika, na muziki wa vioo vinavyosuguliwa kwa vidole. Kisha mzuka ukatokea mbali, mdogo kama ngumi, ukakua, ukawajia.

Ufundi wake ulikuwa rahisi na wa kijanja. Taa aliiweka nyuma ya pazia la kitambaa kilichopakwa nta, kwa hiyo watazamaji hawakuiona. Aliipachika kwenye magurudumu yaliyofungwa vitambaa yasipige kelele. Akiivuta nyuma picha inakua, akiisukuma mbele inasinyaa, na mtambo wa lenzi unairekebisha isipoteze ukali. Pembeni mwa mchoro kioo kilipakwa rangi nyeusi tupu, ndipo mzuka ukaonekana unaelea gizani bila fremu. Hapo kwenye ile rangi nyeusi ndipo mimi ningeweka tarehe ya kuzaliwa kwa sanaa hii. Picha yenye fremu unaitazama. Picha isiyo na fremu imo chumbani pamoja nawe.

Watu hawakuishia kwenye mizuka. Mtu wa mjini aliyebanwa na moshi wa makaa alitamani milima. Mwaka 1793 Robert Barker alijenga London, Leicester Square, jengo la duara la kutazamia michoro iliyomzunguka mtazamaji pande zote. Mwaka 1822 Louis Daguerre na mwenzake Charles Bouton wakafungua Paris jumba waliloliita Diorama. Moja ya picha zao mbili za kwanza ilikuwa bonde la Sarnen huko Uswisi. Mchoro wenyewe ulikuwa mkubwa kama ukuta wa ghorofa, umepakwa rangi kwenye kitambaa chepesi, na mafundi waliofichika walifungua na kufunga mapazia na vioo vya rangi juu ya paa. Jua likachwea bondeni, mawingu yakatanda, mwanga ukarudi. Picha ikiisha, jukwaa zima la watazamaji lilizungushwa taratibu hadi lielekee picha ya pili. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1830, alipoonyesha Mont Blanc, Daguerre aliweka mbele ya mchoro kibanda cha kweli na mbuzi wa kweli akitafuna majani. Namsifu kwa ujasiri, ila mbuzi ni kukiri kushindwa: mchoraji aliona kuna kitu hakimo kwenye mlima wake, akaenda kukileta kwa kamba.

Diorama iliteketea kwa moto Machi 1839. Mwaka huo huo Daguerre alipata umaarufu mwingine, wa kupiga picha kwa mwanga, na dunia ikamkumbuka kwa hilo.

Sasa tufike kwa mtu ambaye, kama haki ingetendeka, jina lake lingeandikwa mlangoni mwa kila chumba cha aina hii. Émile Reynaud alizaliwa Montreuil, karibu na Paris, mwaka 1844. Alijifunza ufundi wa vyombo vya usahihi, akafundisha sayansi kwa umma akitumia taa ya picha. Mwaka 1877 alibuni chombo cha kuzunguka chenye vioo katikati, picha kumi na mbili pembeni, kikizungushwa picha inaonekana inacheza. Kilikuwa kitu cha mezani, kichezo cha sebuleni. Reynaud hakuridhika, kwa sababu picha kumi na mbili zinakwenda zikirudi pale pale, mtoto anaruka kamba milele. Alitaka hadithi.

Akaanza kuchora kwenye vipande vidogo vya jelatini, kimoja kimoja, kwa mkono, kwa rangi. Akavifunga kwenye utepe wenye matundu katikati ya vipande ili gurudumu lenye vijino liuvute kwa mwendo sawa. Mchezo wake mmoja, uitwao Pauvre Pierrot, ulikuwa na picha 500 kwenye utepe wa mita 36. Mandhari ya nyuma aliyatupa ukutani kwa taa nyingine ya pili, ili asilazimike kuyachora mara mia tano. Tarehe 28 Oktoba 1892, kwenye jumba la makumbusho la Grévin mjini Paris, aliwaonyesha watu kwa mara ya kwanza. Hiyo ni miaka mitatu na ushei kabla ya ndugu Lumière kuonyesha sinema yao. Kwa maneno mengine, picha iliyochorwa ilitembea kwenye pazia kabla ya picha iliyopigwa.

Naomba msomaji amtazame Reynaud akiwa kazini, kwa sababu hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Yuko nyuma ya pazia, haonekani, mikono yake yote miwili kwenye magurudumu mawili ya utepe. Hauzungushi tu kama mpishi anayesaga nyama. Anausimamisha watu wakicheka, anaurudisha nyuma, anaupeleka tena, mhusika anasita mlangoni, anarudi, anachungulia. Utepe wa dakika chache anaunyoosha hadi robo saa. Anasikiliza ukumbi na kuujibu. Kila onyesho lilikuwa tofauti na la jana kwa kuwa watu wa leo hawakuwa wale wa jana.

Mashine ya Lumière haikuhitaji mkono unaosikiliza. Ilizunguka tu. Hadi mwaka 1900 Reynaud alikuwa ameonyesha mara zaidi ya 12,000 na watazamaji wapatao nusu milioni, lakini kuchora mamia ya picha kwa mkono hakuwezi kushindana na kamera inayopiga kumi na sita kwa sekunde. Alifilisika. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, kwa uchungu, alivunja mtambo wake, na tepe nyingi akazitupa katika mto Seine. Mbili tu ndizo zimebaki. Alifariki Januari 1918.

Karne ya ishirini nitaipita haraka, kwa sababu kwa muda mrefu iliketi kwenye viti vya sinema. Kulikuwa na wakaidi. Mjerumani Oskar Fischinger aliwasha projekta kadhaa kwa pamoja katika miaka ya 1920. Mmarekani Stan VanDerBeek alijenga kuba huko Stony Point, jimbo la New York, katika miaka ya 1960, watu wakalala chali sakafuni na picha zikawapita juu. Na Kusini mwa Ufaransa, katika kijiji cha Les Baux-de-Provence, mwandishi wa habari na mpiga picha Albert Plécy aliingia kwenye machimbo ya mawe yaliyofungwa tangu 1935, akaona zile kuta nyeupe za chokaa zimechongwa mraba kama kurasa, akazigeuza ukumbi wa picha. Ukumbi ulifunguliwa 1977, mwaka aliofariki. Wazo lake ndilo baba wa maonyesho yote ya leo ya kumkuza Van Gogh au Klimt hadi wafunike dari. Mwaka 2018 waendeshaji wapya wa machimbo hayo walifungua ukumbi mwingine Paris, ndani ya karakana ya zamani ya kuyeyushia chuma, wenye projekta 140.

Hukumu yangu juu ya maonyesho hayo ni fupi. Mchoro wa Van Gogh una ukubwa wa mkeka wa mtoto na ulichorwa uwe hivyo. Kuutanua na kuzisukuma rangi zake kama mawimbi ni kuwapa watu mandhari ya kujipigia picha. Biashara ilichemka sana mwaka 2021, ikapoa, na 2023 mmoja wa waandaaji wakubwa wa Amerika Kaskazini alikimbilia kinga ya mahakama dhidi ya wadai. Isitoshe, utepe wa maonyesho hayo hujirudia. Ukikaa dakika arobaini utaona alizeti zile zile zinaanguka upande ule ule.

Alizeti ya kweli haifanyi hivyo, na waliotambua maana ya jambo hilo hawakuwa wasanii.

Mwaka 1968 mtaalamu wa mimea mzaliwa wa Hungaria, Aristid Lindenmayer, alitaka kueleza jinsi seli za kiumbe cha jamii ya mwani zinavyoongezeka katika mstari. Alitumia herufi. Sema A ni seli iliyokomaa na B ni seli changa. Kanuni ni mbili: kila A inagawanyika kuwa AB, na kila B inakomaa kuwa A. Chukua kalamu ujaribu. Unaanza na A. Hatua ya pili unapata AB. Ya tatu, ABA. Ya nne, ABAAB. Ya tano, ABAABABA. Hesabu sasa herufi za kila hatua: 1, 2, 3, 5, 8. Ukiendelea utapata 13, kisha 21. Twaa nanasi, fuata mistari ya vijicho vyake inayopanda kwa kuzunguka, na kwa kawaida utakuta minane upande mmoja na kumi na mitatu upande mwingine.

Hakuna aliyechora kitu hapo. Hakuna aliyelitazama jani akalinakili. Ukiongeza herufi ya kusema "pinda kulia" na nyingine ya kusema "toa tawi", kompyuta inaotesha kichaka kizima, na ukitia bahati nasibu kidogo vichaka viwili havifanani. Lindenmayer alifariki 1989, na mwaka uliofuata kitabu alichoandika pamoja na Przemyslaw Prusinkiewicz juu ya mimea ya namna hii kikatoka, na wachoraji wa kompyuta wakakifanya msahafu.

Wengine walikuwa wanafika huko huko kwa njia zao. Ken Perlin alifanya kazi kwenye filamu ya Tron iliyotoka 1982, akachoshwa na jinsi picha za kompyuta zilivyokuwa safi mno, kila kitu kinang'aa kama sufuria mpya. Akabuni hesabu ya kuleta utata wa taratibu, ule wa mawingu, wa ndimi za moto, wa mistari ya marumaru. Mwaka 1997 alipewa tuzo ya ufundi ya Academy, wale wa Oscar, kwa hesabu hiyo. Naye Craig Reynolds, mwaka 1986, alitafuta jinsi ya kurusha kundi la ndege bila kumchorea kila mmoja njia yake. Wakulima wa mpunga wa Usangu, Tanzania, na wa Mwea, Kenya, wangeweza kumsaidia, maana wamewatazama kwelea kwelea maisha yao yote: wingu la ndege maelfu linageuka kama shuka linalokung'utwa, na kiongozi hayupo. Reynolds alimpa kila ndege wake maagizo matatu. Usimgonge jirani. Elekea wanakoelekea jirani zako. Usiachwe nyuma. Basi. Kundi likajipinda, likagawanyika kwenye nguzo, likaungana tena. Mwaka 1992 popo wa filamu ya Batman Returns waliruka kwa maagizo hayo.

Daguerre alihitaji mbuzi kwa kuwa mlima wake ulikuwa na sura ya mlima tu. Hawa watatu waliacha sura wakashika mwenendo. Tangu hapo msanii aliyetaka kuleta msitu chumbani hakulazimika kuupiga picha. Angeweza kuupanda.

Miongoni mwa waliopanda mapema walikuwa wasanii wawili: Christa Sommerer wa Austria, aliyesomea botania kabla ya uchongaji, na Mfaransa Laurent Mignonneau. Mwaka 1992 walitengeneza kazi iliyokuwa na vyungu vya mimea ya kweli mbele ya ukuta. Ukisogeza mkono kwenye mmea, hata kabla hujaugusa, umeme mdogo sana ulioko baina ya mwili wako na mmea unabadilika, waya uliofichwa kwenye udongo unaupima, na ukutani mmea wa mwanga unaanza kuota, ukifuata ukaribu wa mkono wako. Kwa kuwa ukuta ungejaa, mmoja wa mimea, dungusi, ulipewa kazi ya kufyeka: ukiusogelea huo, kila kilichoota kinafutika. Watu waliofika pale walijikuta wanapapasa majani polepole, kwa adabu, kama mtu anayempima mtoto homa. Ule mkono wa Reynaud uliosikiliza ukumbi ulikuwa umerudi, safari hii ndani ya waya.

Ilibaki kuiondoa mashine mbele ya macho na kukipa chumba chote uhai huo. Kazi hiyo inahusishwa zaidi na kundi la Kijapani liitwalo teamLab. Lilianzishwa mwaka 2001 na Toshiyuki Inoko na rafiki zake waliokuwa wanamaliza Chuo Kikuu cha Tokyo, wahandisi wengi wao, na kwa miaka kadhaa walijikimu kwa kuwatengenezea wateja programu na tovuti huku sanaa yao ikikosa pa kuonyeshwa. Mwaka 2011 msanii maarufu Takashi Murakami aliwaalika kwenye nyumba yake ya sanaa huko Taipei, na milango ikaanza kufunguka.

Shida ya kwanza waliyoitatua ni ya zamani sana. Mchoro wa Kizungu wenye kina, ule ambao barabara inasinyaa kuelekea mbali, una sehemu moja tu ya kuutazamia. Ukisogea pembeni unapinda. Ndiyo maana Daguerre aliwaweka watu mahali pamoja na kuzungusha jukwaa badala ya kuwaacha watembee. Michoro ya kale ya Kijapani haina sehemu hiyo moja. Mto, nyumba na watu vimetandazwa bapa, na jicho linatembea juu yake litakavyo. Inoko na wenzake walijenga maua na maporomoko yao ndani ya kompyuta yakiwa na unene kamili, kisha wakayabonyeza yawe bapa kwa mantiki ya wazee wao. Hapo mtu akawa huru kutembea, kurudi, kuketi, na picha haikumwandama wala kumkataa.

Shida ya pili kila mtu aliyewahi kwenda semina anaijua. Mtoa mada anapita mbele ya projekta, na jedwali la bajeti linamkaa usoni. Katika chumba cha kutembea, watu mia wanapita. Dawa ni kuzipandisha projekta darini, kuzipa lenzi za kurusha picha kubwa kutoka karibu, na kuzielekeza chini kwa pembe kali ili kivuli kianguke nyuma ya visigino. Projekta moja haitoshi ukuta, kwa hiyo zinapangwa nyingi, na mahali mianga miwili inapopandana kila mmoja unafifishwa taratibu kuelekea ukingoni, jumla yake ibaki sawa na jicho lisione mshono. Ufundi huo unakula usiku mwingi. Projekta ikishuka kidogo tu kwa sababu ya joto au mtikisiko, ua lililoko kwenye mpaka linakuwa na petali mbili mbili. Kamera ndogo zinazoona mwanga usioonekana kwa macho zinawafuata watu gizani na kuiambia kompyuta nani yuko wapi.

Mbegu ya maua yao mashuhuri zaidi ilitoka shambani. Wakiwa rasi ya Kunisaki, kisiwa cha Kyushu, majira ya kuchipua, walikuta milima imejaa micheri iliyochanua, na chini yake maua ya njano ya jamii ya haradali. Wakajiuliza: mangapi kati ya haya yalipandwa na mtu, na mangapi yaliota yenyewe? Hawakuweza kutenganisha. Mwaka 2014 likazaliwa onyesho ambalo ndani ya saa moja chumba kinapitia maua ya mwaka mzima. Yanachipuka, yanatoa vitumba, yanachanua, yanapukutika. Ukisimama tuli karibu nayo yanaongezeka. Ukiyagusa na kuyakanyaga petali zinamwagika, yanakufa yote kwa mara moja. Hakuna utepe. Kompyuta inayachora wakati ule ule, na chumba kilivyo sasa hivi hakikuwahi kuwa hivyo wala hakitakuwa tena.

Tarehe 21 Juni 2018 walifungua Odaiba, Tokyo, jumba lao wenyewe la mita za mraba 10,000, lenye kompyuta 520 na projekta 470. Kazi za humo hazikai vyumbani mwao. Vipepeo wanazaliwa kwenye miili ya watu, wanatoka mlangoni, wanapita korido, wanaingia chumba cha jirani juu ya picha nyingine. Ukimgusa kipepeo anaanguka. Mwaka wa kwanza waliingia watu wapatao milioni 2.3. Jumba hilo lilifungwa Agosti 2022 na kufunguliwa upya mtaa mwingine wa Tokyo, Azabudai Hills, Februari 2024.

Nina manung'uniko. Mamia ya projekta yanawaka kutwa na viyoyozi vinapambana na joto lake, na umeme huo unachoma kitu mahali fulani ili mtu wa mjini asikitike kwa petali ya mwanga. Sijasikia jibu la kuniridhisha. Wapo pia wanaosema hii ni pumbao tu, haina uzito wa sanaa. Hao nawakumbusha Huygens.

Lakini kuna chumba kimoja kidogo ndani ya jumba hilo ambacho kinanyamazisha mabishano yangu mwenyewe. Ni chumba cha chai. Unaketi gizani, mhudumu anakuwekea bakuli la kioo na kumimina chai ya kijani ya baridi au ya moto. Sekunde chache baadaye, juu ya chai yenyewe, ua linachanua. Projekta iliyo juu imetambua bakuli lilipo. Ukilisogeza bakuli, petali zinatawanyika nje ya ukingo na kumwagika mezani. Ukiliweka tena, ua jipya linaanza. Kadiri unavyokunywa ndivyo ua linavyopungua nafasi, maana ukubwa wake unategemea chai iliyobaki. Chai ikiisha, ua halipo. Ni taa, kioo na mchoro unaocheza, vitu vile vile vitatu vya mwaka 1659, ila sasa vinafahamu kwamba unakunywa.

Jumba kama hilo lilifunguliwa Jeddah Juni 2024, na Aprili 2025 kundi hilo likafungua lingine Abu Dhabi, kisiwa cha Saadiyat, la mita za mraba 17,000. Ndugu zetu wengi wanafanya kazi Ghuba, na wanaokwenda umra wengi hushukia Jeddah. Mnaoweza kufika, nendeni mkaone. Vaeni nguo nyeupe, kwa sababu mwanga utaichukua nguo kama ulivyouchukua ukuta. Simu iacheni mfukoni kwa dakika tano za kwanza, tafuteni mahali pa maua, simameni bila kujitikisa hadi yawafikie miguuni, kisha ndipo mnyooshe mkono.